Nimefilisika Texas huku nikidaiwa matunzo ya watoto wawili. Kilichoniumiza zaidi ni kuchelewa

MzeeWaLaredo (mleta uzi)

Wakuu, habari za masiku. Humu huwa nasoma tu na kupita, leo naomba niandike kwa kirefu. Wiki iliyopita nilikutana na kijana mmoja kwenye kituo cha mafuta pale Hillsboro, barabara ya I-35. Akaanza kunisimulia mambo yake, nikaona anasimulia yangu ya miaka mitatu nyuma. Tulikaa kwenye ngazi ya lori saa nzima. Nilipoondoka nikajiambia hili niliandike, maana najua tuko wengi na wengi wetu tunaumia kimya kimya.

Mimi ni Mtanzania, naishi upande wa Fort Worth, kazi yangu ni lori. Tuliachana na mama watoto mapema 2021, watoto wawili, wanakaa kwa mama yao. Mwaka ule mizigo ilikuwa inalipa. Nilikuwa na lori la kukodi, Laredo kwenda Dallas na kurudi, na baada ya gharama zote na kodi nilibaki na kama dola 8,000 kwa mwezi. Texas wanapiga hesabu kwa asilimia ya kipato halisi: mtoto mmoja 20, wawili 25, watatu 30. Hakimu akaandika dola 2,000 kwa mwezi. Sikunung'unika, watoto ni wangu na hela ilikuwepo.

Mwisho wa mwaka huo nikanunua lori langu mwenyewe kwa mkopo, la mkononi, dola 98,000. Wanaojua wanajua malori yalivyokuwa yamepanda bei wakati ule. Halafu ikaja 2022. Dizeli ikavuka dola 5 kwa galoni na bei ya mizigo ikaporomoka. Kufika Novemba nilikuwa nabaki na 3,500, mwezi mbaya chini ya hapo.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilimpigia simu mzazi mwenzangu, nikamweleza. Yule mama ni mwelewa, akasema, "Sawa baba Neema, tuma unachoweza, hali ikitengemaa utafidia." Nikaanza kutuma dola 600 kwa mwezi. Nikaridhika kabisa moyoni kwamba tumeelewana kama watu wazima.

Makubaliano yale ya simu hayakubadilisha hata herufi moja ya amri ya hakimu. Kila mwezi ulipoisha, karatasi ilisomeka 2,000, iliyoingia ni 600, deni 1,400. Miezi 15, Novemba 2022 mpaka Januari 2024. Pigeni hesabu: dola 21,000, na juu yake riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kama ningekwenda mahakamani mwezi ule ule wa Novemba nikaomba kupunguziwa, robo ya 3,500 ni dola 875. Kwa zile 600 nilizokuwa natuma, ningekuwa nadaiwa 4,125 tu. Dola 16,875 nimejibebesha kwa kutokwenda kujaza fomu.

Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Katika miezi hiyo 15 nilikuwa nalipa kadi za mkopo, kadi nne zenye deni la 31,000, kiwango cha chini dola 740 kila mwezi bila kukosa. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wananipigia simu. Saa mbili asubuhi simu, saa moja jioni simu, mpaka niko kwenye mizani ya malori simu inaita. Mama watoto hakunipigia hata siku moja kunidai. Nikamlipa anayepiga kelele, nikawapunja walionyamaza. Dola 11,100 zimekwenda kwenye kadi. Na baadaye nikaja kujua kwamba hapa Texas mwenye kadi hawezi hata kugusa mshahara wako. Wanaoweza ni wachache: matunzo ya watoto, matunzo ya mtalaka, kodi ya serikali, na mkopo wa masomo. Nilimwogopa asiye na meno.

Agosti 2023 mama yangu alifariki kule Same. Pasi yangu ya Marekani ilikuwa imeisha muda. Nikaomba ya haraka, nikajibiwa kwamba jina langu limo kwenye orodha ya wanaodaiwa matunzo zaidi ya dola 2,500, na mwenye deni hilo hapewi pasi mpaka jimbo limwondoe kwenye orodha. Nilimzika mama kwa simu. Nimeegesha nje ya Waco, saa moja asubuhi ya huku, kule saa tisa alasiri. Mdogo wangu ndiye aliyeshika simu na mkono ulikuwa unamtetemeka, kwa hiyo nilichoona zaidi ni miguu ya watu na udongo mwekundu. Shemeji alijaribu kuisogeza nione jeneza, mtandao ukakatika. Ulipoungana tena walikuwa wameshaanza kufukia.

Novemba ikaja barua kwamba leseni yangu itasimamishwa. Huku ukichelewa miezi mitatu wanaweza. Leseni ya lori ndiyo jembe langu. Hapo ndipo nilipoamka.

Januari 2024 nikafungua maombi ya kupunguziwa kwa fomu za bure za tovuti ya TexasLawHelp. Lori wakaja kulichukua mwezi uliofuata, wakaliuza mnadani, wakaniletea bili ya 41,000 iliyobaki. Machi nikaajiriwa, nikawa dereva wa mshahara. Juni nikafungua ufilisi, Chapta ya 13, ule wa kulipa kidogo kidogo kwa mpango wa miaka mitano. Nitaeleza hatua kwa hatua kwa atakayeuliza, lakini kikubwa nilichotaka kusema ni hiki: kipato kikianguka, mahakama ya familia kwanza, siku ile ile, kabla hujafikiria mahakama ya ufilisi. Ufilisi unaweza kukutua mizigo mingine yote. Deni la watoto haugusi.

Nyota_ya_Kaskazini

Pole sana mkuu, hasa kwa mama. Nimesoma mara mbili. Swali langu: kama ufilisi haufuti matunzo, ulifungua wa nini? Na kwa nini Chapta ya 13 na siyo ya 7 ambayo watu wanasema inafuta kila kitu?

MzeeWaLaredo

Asante ndugu. Chapta ya 7 inafuta kadi, bili za hospitali, bili ya lori kama ile yangu, ndani ya miezi michache unatoka. Lakini matunzo ya mtoto na ya mtalaka yanabaki pale pale, malimbikizo na yote. Sheria ya 2005 iliyapandisha mpaka mstari wa mbele kabisa wa madeni ya upendeleo, yale yanayolipwa kwanza. Na kuna jambo nililolishangaa: kufungua ufilisi kunazuia wadai wote papo hapo, lakini anayekata matunzo kwenye mshahara wako haguswi na zuio hilo. Anaendelea kukata kama vile hakuna kilichotokea. Barua ya leseni, marejesho ya kodi kuchukuliwa, vyote vinaendelea.

Nilichagua 13 kwa sababu mbili. Kwanza malimbikizo: 21,000 zile nimegawanyiwa kwa miezi 60, ni 350 kwa mwezi, na riba juu yake. Pili nina kiwanja Kigamboni, nilikinunua 2016. Kwenye Chapta ya 7 msimamizi wa kesi ya ufilisi angeweza kutaka kiuzwe. Mpango wangu wote ni dola 615 kwa mwezi. Humo mna malimbikizo, ada ya wakili, asilimia ya msimamizi, na kinachobaki wanagawana wenye kadi na mwenye lori. Wao madai yao ni 72,000, watapata senti chache kwa kila dola. Matunzo ya sasa, 1,100 kwa mwezi, yanakatwa kazini kabla sijaiona hela.

Mshahara ukiingia nabaki na kama 2,685. Kodi ya chumba, chakula, mafuta ya gari dogo, simu. Inatosha kwa kubana. Simu zimenyamaza. Siku wakili alipofungua kesi nilikaa mpaka saa nne usiku naiangalia simu, haikuita.

Ila mjue masharti. Ukiwa ndani ya Chapta ya 13 ukikosa matunzo ya sasa hata kama mpango unaulipa, kesi inaweza kufutwa. Na mwisho wa miaka mitano, kabla hujafutiwa yaliyobaki, unathibitisha kwa maandishi kwamba hudaiwi matunzo yaliyopaswa kulipwa mpaka siku hiyo. Usipothibitisha hufutiwi kitu.

Mjomba_wa_Kibada

Mkuu umeteseka bure. Kiwanja ungemwandikisha mdogo wako kabla ya kufungua, nani angejua huko Marekani? Na kazi ungeomba ulipwe mkononi, wangekata nini?

KaraniWaDallas

Mjomba, naomba nikujibu kwa heshima lakini wazi, kwa sababu kuna mtu atausoma ushauri wako usiku akaufuata asubuhi.

Nafanya kazi ofisi ya wakili wa ufilisi, mwaka wa tisa sasa. Mimi si wakili, mwenye kesi aonane na wakili. Lakini fomu nazijaza mimi. Fomu zinauliza mali yako popote ilipo duniani. Kiwanja Kigamboni, nyumba Nakuru, shamba Bukavu, vyote unaandika. Zinauliza ulichohamisha au kumpa mtu ndani ya miaka miwili. Zawadi zaidi ya dola 600 kwa mtu mmoja unaitaja jina lake. Hela ya harusi ya binamu, hela ya msiba, hizo nazo. Ukimrudishia ndugu mkopo wake ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua, msimamizi anaweza kumfuata ndugu yako aidai ile hela. Fedha zilizoko kwenye kikoba au upatu ni mali yako, unaandika. Unasaini chini ya kiapo. Kuficha mali kwenye ufilisi ni kosa la jinai la shirikisho, kifungo mpaka miaka mitano, na kwa mtu asiye raia ni hatari kubwa zaidi.

Na mleta uzi hakuteseka bure kwa kukiandika. Hata kama kingeuzwa kwenye Chapta ya 7, ikishatoka gharama ya kukiuza, hela yake ingekwenda kwenye malimbikizo ya watoto kabla mwenye kadi hajapata senti. Ndiyo maana ya mstari wa mbele. Tena malipo ya kweli ya matunzo uliyoyafanya kabla ya kufungua, msimamizi hawezi kuyarudisha kama anavyorudisha yale ya ndugu.

Kulipwa mkononi: hakimu wa familia akiona dereva mwenye leseni nzuri anadai anapata 900 kwa mwezi, anaruhusiwa kuhesabu kile unachoweza kupata, siyo unachosema unapata.

MamaWawili_Columbus

Nimesoma nikiwa na hasira, nitasema ukweli. Mimi niko upande wa pili. Naamka saa kumi usiku, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulea, narudi napika, naangalia kazi za shule za watoto. Mume wangu wa zamani akiwa na shida nilikuwa mwelewa kama huyo mama Neema. Uelewa wangu ulinifanya nichelewe kodi ya nyumba miezi miwili. Watoto hawali uelewa.

Mleta uzi, nakushukuru kwa neno moja, kwamba ulimlipa anayepiga kelele. Hilo nimelisoma kwa sauti.

Swali langu ni hili. Mume wangu huyo wa zamani naye amefungua Chapta ya 13 mwezi uliopita. Hakimu wa talaka alisema yeye alipe mkopo wa gari tulilonunua pamoja, jina langu limo. Pia kuna dola 500 kwa mwezi za kwangu, za miaka mitatu, mpaka nimalize shule ya uuguzi. Nimepata barua ya msimamizi, kurasa nne, sikuelewa. Niwe na wakili? Sina hela ya wakili.

KaraniWaDallas

Dada, pole, na hiyo barua usiitupe. Msimamizi anawajibika kisheria kumwandikia kila anayedai matunzo, kumweleza haki zake na kwamba wakala wa matunzo wa jimbo unaweza kumsaidia. Kwenu Columbus ni jimbo la Ohio, na huko ofisi hiyo iko kila kaunti. Nenda nayo kesho.

Jaza fomu ya dai na uiwasilishe kwenye mahakama ya ufilisi. Haina ada na mdai wa matunzo haitaji wakili kuiwasilisha. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye notisi ya kesi. Kwa kawaida ni siku 70 tangu alipofungua, na kama amefungua mwezi uliopita siku zinakwenda. Ambatanisha amri ya hakimu na orodha ya miezi asiyolipa.

Zile 500 za shule ya uuguzi ni matunzo, hazifutiki, na yaliyolimbikizwa yanatakiwa yalipwe yote ndani ya mpango. Mkopo wa gari ndio wenye shida. Kama hakimu aliuweka kama mgawanyo wa mali, Chapta ya 7 isingemfutia wajibu huo kwako, lakini Chapta ya 13 inaweza kumfutia akimaliza mpango. Benki haikujali wewe na yeye mmeachana lini, jina lako likiwa kwenye mkataba itakujia. Wakati mpango unaendelea kuna zuio linalomkinga mdaiwa mwenza kwenye mikopo ya matumizi ya nyumbani, lakini benki inaweza kuomba liondolewe kwa sehemu ambayo mpango haulipi.

Kwa hiyo angalia amri ya talaka vizuri. Mahakama ya ufilisi haisomi kichwa cha aya tu, inauliza hela hiyo ilikuwa ya nini. Kama hakimu alimpa alipe gari kwa sababu bila gari wewe na watoto msingefika kazini na shuleni, na akakupunguzia matunzo kwa sababu hiyo, kuna hoja kwamba hilo nalo ni matunzo. Hoja hiyo inahitaji mwanasheria, na kwa kipato chako msaada wa kisheria wa bure unaweza kukustahili. Ulizia huku barua iko mkononi.

MzeeWaLaredo

Dada Mama Wawili, nimesoma hasira yako yote na sina cha kujitetea. Mwenzangu naye alichelewa kodi ya nyumba. Alinieleza mwaka jana tu, tukiwa kwenye maegesho ya shule tunamsubiri Neema. Alikuwa ameuza cherehani yake aliyotoka nayo Tanga. Mimi mwezi huo kadi zote nne nilizilipa kwa wakati.

Mpwa_wa_Tabora

Wakuu, mimi nina kadi ya kijani, nataka kuomba uraia mwakani. Nimechelewa matunzo miezi minne, nilipunguzwa kazi kiwandani. Nitafungwa? Na uraia ndiyo basi?

KaraniWaDallas

Tulia kwanza. Kufungwa: hakimu anaweza kukutia ndani kwa kudharau amri, Texas mpaka miezi sita. Lakini jela hiyo ni ya anayeweza kulipa akakataa. Mahakama ya Juu ya Marekani ililigusa hili mwaka 2011 kwenye kesi ya Turner dhidi ya Rogers, ya baba mmoja wa South Carolina: kabla ya kumfunga mtu kwenye kesi ya namna hii lazima uwezo wake wa kulipa uulizwe sawasawa. Kwa Texas utetezi ni wako kuuthibitisha: kwamba hukuwa na uwezo, huna mali ya kuuza au kuweka rehani, ulijaribu kukopa ukashindwa, na hujui pengine pa kuipata hela kihalali. Kwa hiyo weka barua ya kupunguzwa kazi, weka kila ombi la kazi, weka majibu ya benki iliyokukatalia. Na hudhuria. Wengi wanaokamatwa ni wale walioitwa hawakutokea.

Uraia: ufilisi wenyewe hauzuii. Lakini fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza habari za kuwatunza wanaokutegemea, na kuacha kuwatunza kwa makusudi kunaharibu sifa ya mwenendo mwema. Neno lenye uzito hapo ni makusudi. Mtu aliyepoteza kazi, akaenda mahakamani kuomba kupunguziwa, akawa analipa kidogo kidogo, ana karatasi za kuonyesha. Aliyenyamaza hana.

Nyota_ya_Kaskazini

Karani, kwani hakimu hawezi kumwonea mtu huruma akapunguza na yale ya nyuma? Mtu alikuwa hana kazi kweli.

KaraniWaDallas

Hawezi. Toka 1986 kuna marekebisho ya sheria ya shirikisho yaliyobeba jina la seneta Bill Bradley wa New Jersey (yule aliyewahi kucheza mpira wa kikapu New York Knicks). Kila malipo yakifika tarehe yake bila kulipwa yanageuka hukumu ya mahakama yenyewe, na hakimu wa jimbo lolote amefungwa mikono kuyapunguza kwa kurudi nyuma. Anaweza kupunguza kuanzia pale maombi yakiwa mezani na mzazi mwenzako ameshataarifiwa tu. Binafsi naona sheria ile ni kali mno kwa mtu aliyelazwa hospitali au aliyepoteza kazi ghafla. Ilitungwa kwa ajili ya wakwepaji na inawabana na wasiokwepa. Lakini ndiyo iliyopo.

Shangazi_Temeke

Niko Dar, nimeusoma uzi wote. Huku tuna habari hizo hizo, mwanaume biashara ikifa anazima simu. Naomba niwaambie wa huku kwamba hata kwetu amri siyo jiwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kubadilisha amri ya matunzo hali ikibadilika sana, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Nimewasindikiza ndugu zangu wawili ustawi wa jamii. Anayekuja na daftari la biashara na risiti anasikilizwa tofauti na anayekuja na maneno.

Mwalimu_Kisauni

Na Kenya ni hivyo hivyo, shangazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Korti ya watoto inaweza kubadilisha amri. Kaka yangu alifunga duka lake Kongowea, akapeleka taarifa za benki kortini mwezi huo huo, akapunguziwa. Hakukosa hata mwezi baada ya hapo.

Kijana_wa_Hillsboro

Mzee, ni mimi. Yule wa ngazi ya lori. Jana nimefungua maombi ya kupunguziwa, kaunti ya Tarrant, kwa zile fomu. Nimepewa namba ya kesi. Nimelala usingizi jana, wallahi.

MzeeWaLaredo

Alhamdulillah. Hongera sana mwanangu. Mzazi mwenzako ameshapokea hati ya wito?

Kijana_wa_Hillsboro

Bado mzee. Niko njiani nashuka Laredo. Nikirudi wiki ijayo nitalishughulikia.

MzeeWaLaredo

Usingoje wiki ijayo. Hapa ndipo nilipoteleza mimi mwenyewe, nilifungua Januari, wito ukamfikia Februari, na ile Januari yote nikahesabiwa 2,000. Hapa Texas kupunguziwa hakuhesabiwi toka siku uliyofungua. Kunahesabiwa toka siku mwenzako alipopokea wito, au siku aliyojitokeza mwenyewe kwenye kesi kwa kuwasilisha majibu yake, lolote litakalotangulia. Kama mnaongea vizuri mwombe leo asaini fomu ya kupokea bila wito na iwasilishwe mahakamani. Kama hamuongei, lipia konstebo ampelekee. Na ulichonacho mwezi huu kitume kupitia ofisi ya malipo ya jimbo, usimpe mkononi wala kwa simu. Ya mkononi inaweza kuhesabiwa zawadi. Uko wapi sasa hivi?

Kijana_wa_Hillsboro

Cotulla. Nimeegesha. Nampigia.